Kibanda Kimoja, Bei Tatu

Kibanda cha soko la umma, Kenya hii yetu, huwa na bei tatu. Ya kwanza imeandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ile ambayo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka na ambayo mimi sijawahi kukutana na muuza nyanya aliyeisoma. Ya pili ni gudwili: pesa anazopewa mwenye jina la kibanda ili akuachie, mkono kwa mkono, bila risiti. Ya tatu ni kodi ambayo huyo mwenye jina, ambaye pengine yuko zake Nairobi au ameketi ofisini na mshahara wake, anamtoza anayeuza ndani kila mwezi. Kaunti inaona ile bei ya kwanza peke yake. Hizo mbili zingine zinapita juu ya kichwa chake kama ndege inayoenda Isiolo.

Leo nataka kubishana na watu wa aina mbili. Kuna wale wanaosema tusiguse bei za masoko kwa sababu soko ni la wanyonge, na bei ikipanda mama mboga ataumia. Halafu kuna wenzangu, rika langu, wale wa simu mkononi, wanaosema suluhisho ni moja na ni rahisi: pigeni mnada vibanda vyote mtandaoni, anayelipa zaidi achukue, rushwa iishe. Wa kwanza wana huruma na wa pili wana hasira, na vyote viwili navielewa. Lakini wote wanazungumza kana kwamba mnada ni kitu ambacho hakijafika kwenye masoko yetu. Umefika zamani. Tumeunyima tu mwanga.

Nasema hivi kwa sababu soko limenilisha. Mamangu aliuza njahi na ndengu mjini Embu, ndengu zikitoka Mbeere, upande wa Kiritiri na Siakago, zikishuka kwenye magunia asubuhi na mapema. Mimi nauza viatu vya mitumba Meru. Nimeuza juu ya turubai, nimeuza juu ya mkokoteni, nimeuza nikiwa nimebeba gunia mgongoni na jicho moja kwa kanjo. Ninajua tofauti kati ya kuuza ndani na kuuza nje. Ndani kuna paa, kuna mahali pa kufungia mzigo usiku, na mteja anajua atakupata wapi wiki ijayo akitaka kubadilisha saizi. Nje, mvua ya Aprili ikianza saa nane unahesabu hasara mpaka saa kumi. Hiyo tofauti ina thamani, na kitu chenye thamani huwa hakikosi mtu wa kukiuza, hata kama si chake.

Miaka michache iliyopita nilitafuta kibanda katika soko moja kwenye hii barabara yetu ya kutoka Embu kupanda Meru. Soko sitalitaja. Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye si mfanyakazi wa mtu yeyote lakini kila mtu alimjua.

"Kijana, vibanda vimejaa," aliniambia. "Lakini kuna mama anataka kuachilia chake."

"Anaachilia kwa ngapi, mzee?"

"Wewe una ngapi?"

Nikataja elfu themanini, ambazo hazikuwa zangu zote. Alitikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya eksirei. Baada ya siku tatu akanipigia. Kuna mwenzako ameahidi laki moja na nusu, alisema. Ukifika laki na sabini tunafunga leo. Sikufika. Huyo mama sikumwona hata siku moja, wala huyo mwenzangu wa laki na nusu. Lakini angalia kilichotokea. Kulikuwa na kitu kinachouzwa, kulikuwa na washindani, kulikuwa na bei inayopanda, na kulikuwa na mtu wa kugonga nyundo. Huo ni mnada kamili. Waliokosekana ni wawili tu: mashahidi, na mwenye mali. Mwenye mali ni umma, yaani mimi, wewe, na yule mama wa nje kwenye mvua.

Na lugha yenyewe inatusuta. Mnada ni neno la kunadi, na kunadi ni kutangaza kwa sauti ili kila mtu asikie. Dalali wa zamani alisimama mbele ya watu akapaza sauti mpaka koo likauka. Dalali wa leo anakuvuta pembeni, karibu na choo cha soko, anakunong'onezea. Kazi ni ile ile, bei inapanda vile vile, ila sasa hakuna anayesikia.

Sasa tuulize hizi laki zinatoka wapi. Watu husema ni tamaa. Tamaa ipo, lakini haitoshi kueleza. Chukua hesabu ya kubuni. Tuseme kodi rasmi ya kibanda ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Tuseme pia kwamba mfanyabiashara wa kawaida, akijua faida ya paa na kufuli, yuko tayari kulipa 6,000 bila kulia. Kati ya hizo bei mbili kuna 4,500 zinazoelea kila mwezi bila mwenyewe. Zidisha kwa miaka mitatu, miezi 36, unapata 162,000. Ndiyo hiyo gudwili. Dalali hakuitoa hewani. Amekusanya tofauti ya bei ya miaka mitatu, akaiweka mezani siku moja, akasema lipa sasa.

Hapa ndipo ninapotengana na wenye huruma. Wanadhani kodi rasmi ikiwa chini, anayefaidi ni mama mboga. Angefaidi kama angeipata. Lakini vibanda ni vichache na wanaovitaka ni wengi, na kodi ya chini haiongezi kibanda hata kimoja. Inachofanya ni kunenepesha ile tofauti, na tofauti ikinenepa, inamvutia kila mwenye mkono mrefu. Mama mboga halipi 1,500. Analipa 5,000 kwa mwenye jina, na mwenye jina anapeleka 1,500 kaunti na kubaki na chenji. Huruma yetu imeishia kwenye mfuko wa mtu asiyeuza hata kitunguu. Halafu kaunti, ikiwa imepata ile 1,500, inatuambia haina pesa za kuzibua mtaro na kurudisha taa.

Hii tabia si ya jana wala si ya kaunti. Ina historia, na historia yake iko kwenye ardhi. Ile Sheria ya Ardhi za Serikali, yenye mizizi katika amri ya wakoloni ya mwaka 1915 na ambayo ilikaa vitabuni mpaka 2012, ilisema ploti za mijini zikodishwe kwa mnada. Ndiyo, mnada. Lakini iliweka mlango wa nyuma: isipokuwa pale rais atakapoamuru vinginevyo. Huo mlango wa nyuma ndio uliogeuka kuwa geti kuu. Barua za ugawaji zilitolewa bila mnada wowote, mpokeaji akaiuza barua kabla hata hajaiona ploti, na aliyenunua akauza tena. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kukabidhi ripoti yake 2004, iliorodhesha uharibifu huo kwa kurasa nyingi: misitu, hifadhi za barabara, viwanja vya umma. Sheria ilitaka bei itangazwe kwa sauti. Wakubwa walipendelea barua.

Kibanda si ploti, na barua ya kibanda si hatimiliki. Lakini mazoea ni yale yale kwa kipimo kidogo. Mabaraza ya miji, Embu na Meru na kwingineko, yalisimamia masoko mpaka 2013 ugatuzi ulipoanza kazi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeyaweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa kaunti. Kaunti zikarithi majengo, zikarithi madeni, na zikarithi madaftari, kama yalikuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanaongea kuhusu vibanda, sema hawakujua.

Sasa niwageukie wenzangu wa mnada wa mtandaoni. Mfano wanaoupenda ni wa nje, na ni mfano mzuri, kwa hiyo tuuchukue kwa uzito. Kule England na Wales kuna mifereji ya zamani iliyochimbwa kwa ajili ya kubeba makaa na bidhaa, na leo watu wanaishi ndani ya mashua humo, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu nyumba zimewashinda bei. Shirika linaloisimamia tangu 2012, Canal & River Trust, lina nafasi za kuegesha mashua ambazo hutangazwa mtandaoni na kuuzwa kwa mnada. Kila mtu anaona nafasi iko wapi, urefu wake, na bei ya kuanzia. Hakuna mzee wa pembeni ya choo. Zamani kulikuwa na orodha za kungoja, na orodha ya kungoja, popote duniani, ni mwaliko kwa mwenye rafiki ofisini.

Lakini uliza kuhusu asiyeshinda. Sheria yao ya 1995 inamruhusu mwenye mashua asiye na nafasi ya kudumu aendelee kuishi majini, bora asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Anafungua kamba, anasogea, anafunga tena, wiki mbili zikiisha anasogea tena. Mtoto wake anabadilisha njia ya kwenda shule kila mara. Niliposoma hayo nilicheka, kwa sababu huyo ni hoka. Tofauti ni kwamba yeye anapewa siku 14 na sisi tunapewa dakika 14 kabla kanjo hajapiga kona. Mnada wa wazi ulimaliza unong'onezaji. Haukumaliza swali la nani anabaki akisogea.

Na hapa kwetu swali hilo ni kali zaidi, kwa sababu mnada hupima kitu kimoja tu: pesa uliyo nayo siku ile. Haupimi nani atakitumia kibanda vizuri. Waweke watu watatu mbele ya kibanda kimoja. Wa kwanza ni mama anayeuza sukuma na nyanya, ambaye akiuza ndani atapata faida kila siku, lakini akiba yake yote iko kwenye chama na zamu yake ya kupokea ni Novemba. Wa pili ni kijana mwenye cherehani anayetegemea Fuliza. Wa tatu ni mtu mwenye mshahara na mkopo wa sako, hana haja ya kuuza chochote, anataka kibanda kama vile wengine wanavyotaka ploti. Piga mnada Jumatatu. Wa tatu anashinda kabla ya saa nne asubuhi, na Jumanne anawakodishia wale wawili kwa bei anayotaka. Mtandao umetumika, risiti imetoka, rushwa hakuna, na mama yuko pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa bwana wake ana karatasi halali.

Kuna hatari nyingine ambayo wachumi huiita laana ya mshindi. Kwenye mnada, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria thamani kupita kiasi. Akishaingia kwenye kibanda cha bei mbaya, pesa zile lazima zirudi, na zitarudi kupitia fungu la sukuma. Kwa hiyo hata wewe usiyeuza kitu, wewe wa kupitia sokoni jioni na mfuko wa nailoni, hii habari inakuhusu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa mnada. Nani huku kwetu anaweza kuwa adui wa mnada? Chai ya Rukuriri na Mungania upande wa Embu, na ya Imenti na Kionyo upande wa Meru, bei yake inaamuliwa mnadani Mombasa. Kahawa ya wazee wetu inauzwa kwenye soko la mnada Nairobi. Karo yangu ya shule ilipanda na kushuka na nyundo ambazo hatukuwahi kuziona. Na tunajua kwamba mnada una kanuni, na kanuni ikiwekwa vibaya inauma. Mwaka 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya wakulima wadogo, kwa nia njema kabisa. Wanunuzi walioona bei iko juu walikaa kando, na chai ikarundikana maghalani. Hilo ni funzo kwa yeyote anayetaka kuweka bei ya kuanzia ya vibanda akiwa ofisini: ukikosea juu, unapata soko jipya lenye milango imefungwa na buibui ndani. Masoko kama hayo tumeyaona. Ule mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009 ulijenga masoko na vibanda vya jua kali kwenye maeneo bunge, na baadhi ya majengo hayo yalikaa miaka bila mtu kwa sababu waliojenga hawakuwauliza wauzaji wateja wanapita wapi.

Kwa hiyo kila nafasi sokoni ina dawa yake, na kosa kubwa ni kutaka dawa moja itibu yote. Cha kushangaza ni kwamba sheria yetu tayari inalijua hilo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, inapotaja njia za kugawa ardhi ya umma, haitaji mnada peke yake. Inataja mnada wa hadhara kwa anayetoa bei ya juu, kwa kiwango kisichopungua bei ya chini iliyowekwa. Inataja maombi yaliyotengewa kundi maalumu ili kulipunguzia hali duni. Inataja tenda. Na inataja kitu ambacho sijawahi kusikia mgombea yeyote akikisema jukwaani: kupiga kura ya bahati hadharani. Hizo ni kanuni za ardhi, sawa, na kibanda ni upangaji tu. Lakini kama bunge letu liliona kura ya bahati inafaa kwa ekari, inashindwaje kufaa kwa futi nane kwa nane?

Pendekezo langu ni hili. Gawanya soko mara mbili.

Yale maduka ya mbele, yanayotazama barabara na stendi, yenye mlango wa chuma na stima, yale yanayofaa hoteli, duka la dawa, wakala wa benki, duka la simu, hayo piga mnada wa wazi. Mchana, tarehe imetangazwa, bei ya kuanzia iko ukutani, mkataba wa miaka michache, ukiisha tunarudi mnadani. Hao ni watu wenye mtaji na wanajua hesabu zao. Waache washindane. Na pesa inayopatikana iandikwe kwenye ubao wa soko hilo hilo: hii imelipa taa, hii imelipa maji ya choo, hii imelipa lori la taka. Hakuna kitu kinachomfanya mtu akubali kulipa kama kuona mtaro umezibuliwa.

Vibanda vidogo vya ndani, vya mboga, viazi vya Kibirichia, ndizi, maharagwe, mitumba, cherehani, hivyo viondoe kabisa kwenye ushindani wa pesa. Weka kodi inayolipika lakini isiyo ya kuchekesha, kisha piga kura ya bahati. Anayeingia kwenye kura ni yule ambaye tayari anauza, na ushahidi wake ni risiti za ushuru. Huyu mama wa nje analipa ushuru kila siku ya Mungu, kwenye jua na kwenye matope, na siku hizi mara nyingi analipa kwa simu, kwa hiyo rekodi ipo. Miezi kumi na miwili ya ushuru ni barua ya maombi nzuri kuliko yoyote atakayoandikiwa na mwakilishi wadi. Yule bwana wa mshahara na mkopo wa sako hana hizo risiti. Hawezi kuzinunua pia, maana zina namba ya simu na tarehe.

Kuna mtu anasema kura ya bahati ni kamari. Muulize mamako. Kwenye chama, nani anapokea kwanza? Wanawake huandika namba kwenye vikaratasi, wanavikunja, wanavitia kwenye sufuria, na kila mmoja anachomoa. Anayepata namba moja anashangiliwa na anayepata kumi na mbili anaguna, lakini hakuna anayetoka akisema ameibiwa. Vyama hivyo vimesomesha nusu ya watu ninaowajua. Kama kura ya sufuria inatosha kuamua pesa za jasho, inatosha kuamua nani ataketi karibu na mlango wa soko.

Tena kura ina sifa moja ambayo huku kwetu tunaihitaji sana: haijui jina la ukoo. Kila uchaguzi tunasikia soko hili ni la watu fulani, Waimenti wamewafinya Waigembe, Waembu wamewafinya Wambeere, na huyo aliyetoka nje ya kaunti anatafuta nini hapa. Hayo maneno yana faida kwa dalali, kwa sababu watu wakigombana nani ni mwenyeji hawaulizi nani ana vibanda sita. Karatasi iliyokunjwa haina lafudhi.

Halafu ongeza masharti mawili yasiyo na huruma. Moja, kibanda hakiuzwi, hakikodishwi, hakirithishwi kwa mnong'ono. Ukiacha kuuza kwa muda uliowekwa bila sababu kama ugonjwa au uzazi, kinarudi kwenye sufuria. Pili, orodha yote ibandikwe mlangoni: namba ya kibanda, jina la aliyepewa, tarehe, kodi anayolipa. Iandikwe kwa herufi kubwa ambazo cucu anaweza kuzisoma bila miwani. Hili la pili ndilo lenye meno. Sheria ya kukataza kukodisha unaweza kuivunja gizani, lakini siku jina la mtu wa kibanda 43 liko mlangoni, na kila mteja anajua anayeuza kibanda 43 si yeye, mambo yanaanza kuwasha.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa ofisa atachezea risiti, ataingiza majina hewa, atafanya kura ya pili usiku. Inawezekana. Sidai kwamba sufuria inafukuza wezi. Ninachosema ni kwamba wizi kwenye kura ya hadharani unahitaji kudanganya watu mia tatu wanaokutazama, na wizi kwenye mnong'ono unahitaji simu moja. Nachagua ule mgumu. Nitaambiwa pia kwamba wenye vibanda sasa, wale waliolipa gudwili kwa uchungu, watapoteza. Hao wana hoja. Mwanamke aliyekopa laki kuingia na anauza mwenyewe kila siku asifukuzwe. Aandikwe jina lake halisi kama mpangaji wa kaunti, na yule aliyekuwa akimkusanyia kodi ndiye aondoke. Anayefaa kupoteza ni mwenye jina tu.

Yote haya hayaanzi na gavana kuamka siku moja na roho safi. Yanaanza na karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Si lazima uwe wakili. Huhitaji hata kueleza unaitakia nini. Andika: naomba orodha ya vibanda vya soko fulani, majina ya waliopewa, tarehe walizopewa, na kodi iliyolipwa mwaka uliopita. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, uiweke. Zikipita siku 21 bila jibu, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea malalamiko ya aina hiyo.

Na kila mwaka, kabla Mswada wa Fedha wa kaunti haujapitishwa, lazima umma usikizwe. Hii si hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo tangazo la kikao likitokea kwenye ukurasa mdogo wa gazeti, na kikao ni Jumatano saa tatu asubuhi wakati sisi sote tuko kwenye biashara, tukubaliane: watu kumi wafunge turubai siku hiyo, wachangiwe hasara yao na wengine, waende waulize swali moja tu. Orodha iko wapi?

Vijana wenzangu, sisi tunapenda kudai vitu vikubwa, katiba mpya, serikali mpya, nchi mpya. Sawa. Lakini serikali ambayo haiwezi kutuambia nani ana kibanda namba 43 haitaweza kutuambia mengine pia. Anzeni hapo, kwa orodha. Siku itakapobandikwa mlangoni watu wengi wataisoma kwa mshangao, wakinyooshea majina vidole. Watakuwepo wachache ambao hawatashangaa hata kidogo, na hao utawatambua mapema, kwa sababu ndio watakaokuambia leo kwamba orodha ni kazi nyingi, daftari limepotea, na urudi wiki ijayo.